Comet Haikuwa na Mapanga

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na mbili bila mke. Yuko kwao. Kosa langu: nilimsahihisha mbele ya wageni kuhusu mwaka tuliooana. Nilikuwa sahihi. Nilileta na cheti sebuleni.

Shangazi yake kaja na ujumbe. Nikimtaka mke, niende Ijumaa niketi na baba mkwe. Mzee akiridhika, mke atarudi. Baba mkwe ni fundi wa ndege mstaafu. Kumbukumbu zinamtoka, ila ndege bado zimo kichwani. Basi huu ni mtihani.

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima kitabu kinene cha ndege za zamani. Kichwa kinagonga. Comet: jeti ya kwanza ya abiria, 1952, London hadi Johannesburg, vituo vitano njiani. VC10: injini nne, zote mkiani. Dakota: mapanga mawili yanayozunguka mbele ya mabawa, gurudumu dogo nyuma.

Mwanyumba wangu, aliyemuoa dada wa mke wangu, anapendwa mno pale. Hajui lolote. Anakaa tu na kuitikia, "Eeh, baba." Ijumaa nitamfunika.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Mzee alikuwa mchangamfu, akaniita mwanangu. Akasimulia jinsi, ujanani, alivyochomoa kunguru kwenye mapanga ya Comet, rubani akamvulia kofia. Mwanyumba akaitikia. Mke akanitazama, akatikisa kichwa kidogo. Nikadhani ananipa nafasi. Nikasema, kwa heshima zote, baba, Comet haikuwa na mapanga; pengine ilikuwa Dakota.

Mzee akatazama mikono yake. Akauliza, basi yeye alikuwa wapi siku hiyo?

Mlangoni mke akaniambia kwamba hadithi ile ndiyo pekee iliyombakia baba yake. Wao wameisikia mara mia, na kila mara ndege ni nyingine. Nimerudi kwa miguu. Nina huzuni, nakiri.

Jumapili, 9 Machi
Kuomba radhi si aibu. Nimepeleka picha kubwa ya Comet, ndani ya fremu, mzee ajionee mwenyewe kuwa haina mapanga. Mwanyumba kaipokea mlangoni, hakunikaribisha. Kasema mzee hali wala hasemi. Huyo ana wivu.

Jumatano, 12 Machi
Baba mkwe amefariki alfajiri. Nimelia kuliko nilivyotegemea. Nimebeba viti, nimechota maji, sikufungua mdomo kutwa nzima. Jioni mke kaja kuketi karibu nami. Kasema leo nimemfaa. Kasema tukishazika, atarudi nyumbani. Baada ya dhiki, faraja.

Alhamisi, 13 Machi
Mazishi ni saa nane mchana. Mke kaniomba nisome wasifu wa marehemu. Kauandika kwa mkono wake, kurasa mbili, wino umechujuka kwa machozi. Kanisihi niusome kama ulivyo, nisiongeze neno. Kaniamini mbele ya ukoo mzima.

Nimeupitia. Anasema baba yake alihudumia VC10, "yenye injini mbili chini ya mabawa". Maskini, uchungu umemchanganya. Watu watamcheka. Nimerekebisha hapo, na mahali pengine pawili. Kabla ya kusoma nitaeleza kwa ufupi, waombolezaji wajue makosa hayakuwa yangu.