Malalamiko Rasmi Kuhusu Mota ya Waipa Uliyompa Dada Yako

Kwako Shemeji,
Fundi Umeme wa Magari,
Gereji ya Nyuma ya Stendi.

Yahusu: Kudhulumiwa kwangu ndani ya karakana yangu mwenyewe

Shemeji mpendwa,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, tena umenawa grisi, maana ningependa isomeke hadi mwisho. Huku wote ni wazima. Mimi pia ni mzima, ila nimedhulumiwa. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikipiga simu dada yako husikia, huichukua, mkaanza habari zenu za waya, nami hurudishiwa simu imekwisha chaji.

Kazi yangu unaijua. Nakereza mbao: miguu ya meza, miguu ya vitanda, nguzo za ngazi. Mashine niliiunda mwenyewe kwa mabaki ya mbao na vyuma vya kuokoteza. Mti unazungushwa na mota ya pampu ya maji, na kisu kimekaa juu ya kigari kidogo kinachotambaa kwenye reli mbili. Kigari hicho husukumwa na parafujo moja ndefu yenye mkono wa kuzungushia mwishoni. Mkono huo nimeuzungusha mimi kwa miaka kumi na tisa: mizunguko mia tatu na sabini kwa kila mguu wa meza, polepole, bila kusita, maana ukisita tu kisu kinachimba pete. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yangu mtaani.

Mwezi uliopita dada yako alikuja kwako kusalimia. Alirudi na mota ya waipa, ile inayosukuma vifutio vya kioo cha gari, ndani ya mfuko wa vitambaa. Yaliyofuata nayaorodhesha.

1. Mimi nilioa fundi cherehani. Shahidi ni wewe, siku ya harusi yetu ulivaa suruali aliyoishona yeye. Hakuna aliyenidokeza kwamba mtu anayeelewa mkanda na gurudumu la cherehani anaweza kusimama mlangoni mwa karakana, akatazama dakika tano, kisha akasema, "Hii si cherehani tu iliyolala chali?" Mashine yangu, Shemeji. Eti imelala chali.

2. Bila kikao wala taarifa ya maandishi, aliung'oa mkono wa kuzungushia akafunga mota mahali pake. Kati ya mota na parafujo aliweka kipande cha mpira wa bomba, "ili vikikosa kunyooka visigombane." Pedeli ya kukanyaga ili mota iwake alitoa kwenye cherehani bovu la umeme, betri akaazima kwa kinyozi. Mkono wangu, uliong'aa kwa jasho langu, sasa kazi yake ni kuzuia mlango wa jikoni usijifunge.

3. Siku ya majaribio kigari hakikujua kusimama. Kilifika mwisho wa reli kikaendelea na safari, kikaung'oa ubao wa mwisho pamoja na misumari yake, kikaangukia chupa ya chai. Nilisikitika kwa sauti, lakini moyoni nilikuwa na amani kubwa. Amani hiyo ilidumu saa moja. Dada yako alikuna kichwa, akaingia jikoni, akarudi na ile swichi ndogo ya mlango wa friji inayowasha taa. Akaifunga mwisho wa reli. Sasa kigari kikiigusa tu, mota inazimika. Friji letu limebaki giza, na juzi nimekunywa siki nikidhani ni maji. Nilipouliza taa itarudi lini, alinijibu, "Kwani vitu vyako huvijui kwa kushika?"

4. Mashine haikosei. Hili naomba ulisome mara mbili. Zamani kila mguu wangu ulikuwa na tabia yake. Mteja akiuliza kwa nini meza inacheza, nilimweleza kwa utaratibu kwamba hiyo ndiyo alama ya kazi ya mkono, naye aliondoka ameridhika, akakunja karatasi akaweka chini ya mguu. Sasa yupo mteja mmoja, Mama Ghorofa, tunamwita hivyo kwa sababu amekuwa akijenga ghorofa tangu mwanawe anatambaa, na mwanawe sasa ana ndevu. Alizipanga nguzo zake nne za mwanzo sakafuni, akafumba jicho moja, akaniuliza, "Ipi ndiyo ya kwanza na zipi umeziiga?" Nimeishiwa maneno, Shemeji, na maneno yalikuwa nusu ya ufundi wangu.

5. Mikono yangu haina pa kukaa. Kazi yangu kwa sasa ni kukanyaga pedeli nikiwa nimeketi. Wiki hii nimekwenda kwa kinyozi mara tatu, na mara ya tatu alikataa kunikalisha, akasema hakuna kilichobaki. Jumatano aliingia mteja mgeni akanitazama kitini, akauliza, "Mzee, fundi yuko?" Kabla sijafungua mdomo dada yako akainua kichwa kwenye cherehani lake, akasema, "Ndiye huyo." Hakucheka. Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu alikuwa anamaanisha.

6. Nashukiwa ovyo. Ile nati inayoshika mota ililegea kwa bahati mbaya. Bahati mbaya hiyo ilitokea mara nne, kila mara nikiwa peke yangu karakanani. Dada yako alichora mstari wa chaki kutoka kwenye nati hadi kwenye ubao, ili nati ikigeuka aone. Mtu anaishije, Shemeji, katika nyumba ambamo nati ina mlinzi?

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima moja kati ya haya:

(a) Uje na spana zako uitoe mota, nawe ndiye umweleze dada yako, mimi nikiwa nimetoka kidogo.

(b) Ukishindwa, uniandikie cheti chenye mhuri wa gereji kwamba fundi wa nyumba hii ni mimi, na mota ni msaidizi wa muda.

(c) Ukishindwa na hilo pia, uifundishe mota kukosea. Sitaki makubwa. Kosa dogo moja kwa kila miguu minne, na mguu wenyewe nitauchagua mimi.

Nakupa siku kumi na nne. Zikipita nitalifikisha suala hili kwa mama mkwe, ingawa najua fika atakuwa upande wa mota.

Msalimie mkeo, watoto, mafundi wenzako wote gerejini, na yule mlinzi anayesinzia amesimama. Mama mkwe mwambie mguu wa kitanda chake uko tayari, na kwa bahati mbaya unalingana na ile mitatu.

Ni mimi shemeji yako katika dhuluma,
Fundi Kereza
(kwa sasa Mkanyaga Pedeli)

Tanbihi: Utaona mwandiko huu ni wangu. Barua iliyotangulia aliiandika dada yako kwa niaba yangu, kwa kuwa kifundo changu cha mkono wa kulia kilikuwa hakimalizi mistari miwili. Yeye ndiye aliyekuwa akinikanda kwa maji ya moto kila jioni, na sikumwambia kwamba nguzo hamsini na mbili za ngazi za Mama Ghorofa nilishaamua kuzikataa kwa ajili ya mkono huo. Jana tumemaliza ya hamsini na mbili. Leo nimejaza kurasa tatu bila kupumzika na sijasikia maumivu yoyote.

Kwa hiyo spana ziache huko. Ila nimekumbuka kwamba lile gari ulikotoa mota lilikuwa na waipa ya nyuma pia. Kama mota yake ipo, mpe dereva wa basi, juu ya mzigo uandike jina langu, si la dada yako. Cherehani la dada yako ni la kukanyaga kwa miguu tangu tuoane, na siku hizi akiinuka nasikia magoti yake yakilia. Nataka kumfungia mwenyewe. Niandikie tu waya upi unakwenda wapi.