Mashine ya Kukunja Mashati

Siku Meneja alipoingia chuo kikuu kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa anamkimbia fundi cherehani. Suti aliyoivaa ilikuwa ya huyo fundi. Aliichukua "kuijaribu tu", na majaribio yakawa yamechukua miezi. Fundi alipomwona ng'ambo ya barabara na kuanza kuvua ndala, Meneja akageukia geti la chuo. Mlinzi akaiangalia suti, akapiga saluti.

Meneja, ambaye hajawahi kuwa meneja wa chochote, akajibanza kwenye korido na kujifanya anasoma ubao wa matangazo. Baada ya muda akajikuta anasoma kweli. Kulikuwa na kozi ya mradi, ya utafiti na uendelezaji wa teknolojia. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walitakiwa kuunda kifaa cha kutatua tatizo la mtu wa nje. Idara ilikuwa inatafuta wateja wenye matatizo. Vifaa vyote, chuo kingenunua.

Matatizo! Meneja alikuwa nayo tangu utotoni, na hakuwahi kuona mahali yanapotafutwa kwa tangazo.

Ofisi ya Mhadhiri ilikuwa mlango wa tatu. Mhadhiri alikuwa mtu mnyonge mwenye miwani mikubwa, na tangu kozi ianzishwe mteja wake alikuwa mmoja tu, naye ni shemeji yake.

"Kampuni yako inashughulika na nini, mheshimiwa?"

"Nguo," alisema Meneja, na hapo hakusema uongo. Dada yake mkubwa alikuwa dobi, na yeye alikuwa anaishi kwenye chumba chake cha uani, bure.

"Kwa kiwango kikubwa?"

"Daktari, ukitoka hapo nje, nusu ya watu utakaokutana nao wamevaa kazi yetu."

Mhadhiri alisimama akampa mkono, na hakuuachia haraka.

Akakabidhiwa kikundi cha wanafunzi watatu. Msichana mmoja mpole, anayeongea akiangalia chini, ndiye aliyekuwa kiongozi, wakamwita Kiranja. Kijana mnene walimwita Bonge. Wa tatu, msichana mdogo wa umbo ambaye miguu yake haikufika sakafuni akikaa kitini, alikuwa Sisimizi.

Meneja alikuwa ameshafikiria kifaa chenye kula mota nyingi kuliko vyote. "Nataka mashine ya kukunja mashati," alisema. "Shati linaingia huku limekunjamana, linatoka huku kama limetoka dukani."

"Itahitaji mota nyingi, mzee," alisema Kiranja. "Na betri. Na sensa."

"Watu wa kuhesabu watu mtawatoa wapi?"

"Sensa za kuhisi, mzee. Zinahisi shati liko wapi."

"Aa, hizo! Msijibane. Agizeni nyingi."

Basi kila mzigo ulipofika maabara, Meneja alifika na kigari chake kikuukuu cha injini, cha kubebea nguo za dada, kuchukua vifaa "vikapimwe kiwandani". Kiwanda chenyewe kilikuwa duka la vipuri sokoni, na mwenye duka hakuwa mtu wa maswali. Dada yake ndiye aliyekuwa na maswali. Alikuwa anapiga pasi uani alipoona mota zikipita tena.

"Mdogo wangu, hizo ni nini?"

"Utafiti na uendelezaji, dada."

"Ndiyo nini?"

"Utafiti ni kuzitafuta. Uendelezaji ni kuendelea nazo."

Dada akatikisa kichwa na kurudi kwenye pasi.

Meneja alikusudia kutoweka kabla ya siku ya maonyesho. Lakini Mhadhiri alimpigia simu, akamsihi aje kutoa hotuba kama mgeni wa heshima, na Meneja ana udhaifu mmoja: hawezi kukataa kusikilizwa.

Katikati ya ukumbi lilisimama kabati kubwa la bluu, lenye taa za kumetameta na tundu kila upande. Kiranja na Bonge walisimama kando yake wamevaa makoti meupe. Sisimizi, wakasema, anaumwa tumbo.

Kiranja akasukumiza shati tunduni na kubonyeza kitufe. Kabati likanguruma. Likatikisika. Kwenye tundu la pili shati likatoka limekunjwa, kola imenyooka, mikono imefichwa nyuma. Watu wakapiga makofi. Mhadhiri alivua miwani akafuta machozi.

Meneja hakupiga makofi. Alijua kuliko mtu yeyote ukumbini kwamba ile mashine haikuwa na mota. Mota zilikuwa sokoni. Akamvuta Kiranja pembeni.

"Inaendeshwa na nini?"

"Vifaa vilipochelewa kurudi kutoka kiwandani kwenu, mzee, tukalazimika kubuni." Kiranja aliangalia viatu vyake. "Inatumia nguvu hai."

"Nguvu hai!"

"Ndiyo. Ila matundu ya hewa yasizibwe, na iwe inapumzika."

Kabla hajauliza zaidi, mwanamke mwenye miwani ya dhahabu akajipenyeza kati yao. Alikuwa mwenye hoteli kubwa mjini, na mumewe alikuwa wakili.

"Naitaka hii," alisema. "Wafuaji wangu wanaongea mchana kutwa. Nitawafukuza wote."

"Hii haiongei, mama," alisema Meneja.

Kabati likapiga chafya.

"Hewa iliyobanwa," alisema Kiranja.

Mwenye hoteli akatoa masharti yake papo hapo: Meneja akiileta mashine na kuisimamia mwaka mzima, atapewa chumba cha ghorofa ya juu chenye beseni la kuogea, na chakula cha hotelini bila kuulizwa. Wakili angeandika mkataba mchana uleule. Meneja aliliona beseni kabisa, na yeye mwenyewe ndani yake, povu mpaka shingoni.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Mashine ilikuwa mali ya wanafunzi.

"Tubadilishane basi, mzee," alisema Kiranja kwa unyonge. "Chukua mashine, utuachie kigari chako. Na sisi tunatafuta usafiri."

Meneja akakohoa ili asicheke. Watoto wa watu! Akawapa funguo na kadi ya gari, akasaini, na jioni ileile wakamletea mashine hotelini kwa kigari kilichokuwa chake asubuhi. Usiku huo alioga mara mbili.

Asubuhi alitangulia chumba cha kufulia kabla mwenye hoteli hajaja na wageni aliowaalika kuiona mashine. Akaingiza shati, akabonyeza. Taa zikawaka. Shati halikutoka. Akapiga kabati teke, akazunguka nyuma, akakuta mlango mdogo.

Ndani kulikuwa na kigoda, mto wa kukalia, makombo ya mkate na feni ndogo. Feni ilikuwa na mota, na kwenye mota kulikuwa na bei iliyoandikwa kwa chaki. Meneja aliujua ule mwandiko. Ulikuwa wa mwenye duka la vipuri.

Akampigia Kiranja simu.

"Shikamoo, mzee," alisema Kiranja.

"Mashine imesimama!"

"Haijasimama, mzee. Imeshuka. Imefaulu vizuri sana, sasa tuko nayo kwenye kigari, inakula ndizi."

"Nitawapeleka polisi!"

"Sawa, mzee. Tutakukuta hapo. Tunakuja na yule wa vipuri, alituuzia mota zetu, atakueleza alizipata wapi."

Meneja akakata simu. Dirisha lilikuwa na nondo. Kwenye korido viatu vya mwenye hoteli vilikuwa vinagonga sakafu, na nyuma yake vishindo vya watu wengi, na magurudumu ya kikapu cha nguo. Sauti ya mumewe wakili ilisikika wazi, ikisema kitu kuhusu kifungu cha udanganyifu.

Meneja akaingia kabatini akavuta mlango.

"Msimamizi yuko wapi?" aliuliza mgeni mmoja.

"Mashine nzuri haihitaji mtu," alisema mwenye hoteli, akaingiza shati.

Mle gizani, Meneja alilipapasa lile shati kama mtu anayetafuta miwani. Hajawahi kukunja hata leso. Dada yake ndiye aliyemkunjia kila kitu. Alilizungusha, akalikalia, akalisukuma nje. Lilitoka kama bahasha iliyokanyagwa na ng'ombe.

Wageni wakainama kuliangalia.

"Haijapata moto bado," alisema mwenye hoteli, akaingiza la pili. Kisha la tatu. Kisha shuka. Kufikia katikati ya kikapu mashati yakaanza kufanana na mashati, na wageni wakaanza kunong'ona kwa kusifu. Ndani, suti ya fundi cherehani ilikuwa imelowa kama imetoka beseni. Meneja akaangua kilio chembamba, akijaribu kukibana kwa meno.

"Mnasikia?" mwenye hoteli alisema. "Inalia kidogo. Haina tatizo, ni ukavu tu."

Akachukua kopo la mafuta ya mashine, akaelekeza mdomo wa kopo kwenye tundu la hewa, akamimina lote. Kilio kikakoma papo hapo, na mashati yakaanza kutoka haraka zaidi.