Pikipiki ya Marehemu Baba

Mjini wapo wanaoishi kwa jasho na wapo wanaoishi kwa maneno. Wakili alikuwa wa kundi la pili, na hata jina hilo alilipata kwa mlango wa nyuma: aliwahi kushinda mahakamani mwezi mzima, ingawa upande aliokaa haukuwa wa mawakili.

Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la pikipiki, akinywa chai ya bure na kumsikiliza muuzaji akilalamika.

"Wateja wamebadilika, Wakili. Zamani walikuja vijana, wanauliza inakimbia kiasi gani. Siku hizi vijana wanataka kubebwa. Wanaonunua ni mababu na kina mama wastaafu, na hawaulizi mwendo. Wanauliza kama ina taa ya duara."

"Taa ya duara?"

"Kama zile za enzi zao. Ndiyo maana zinatengenezwa hizi." Muuzaji aliipiga kofi pikipiki iliyokuwa katikati ya duka, mpya kabisa, lakini yenye tangi la mviringo, magurudumu ya spoki na kiti kirefu cha ngozi. "Sura ya kizee, moyo wa kijana. Ipo nyeusi, ipo ya kijani."

Wakili aliweka kikombe chini. Ikiwa watu wanalipia mpya inayofanana na kuukuu, aliwaza, hiyo kuukuu yenyewe watailipia mara ngapi? Akajipongeza kimoyomoyo. Alikuwa na tabia ya kujipongeza mapema.

Mtaji aliupata nyumbani. Shemeji yake, muuza nyama mwenye mikono mipana na subira fupi, alikuwa amesafiri na kumwachia pikapu aipeleke gereji. Wakili akaipeleka kwa muuzaji, akaiweka rehani, akaondoka na pikipiki ya kijani. Akileta fedha kabla ya Ijumaa, pikapu ingerudi, akichelewa, ingeuzwa. Shemeji naye alikuwa anarudi Ijumaa hiyohiyo.

Nyuma ya nyumba, Wakili akaanza kuizeesha. Vyuma alivipaka siki na chumvi vikashika kutu, rangi akaikwangua kwa msasa, kiti akakimwagia chai ya rangi. Kitufe cha kuwashia, ambacho kingemuumbua, alikifunika kwa kipande cha ngozi. Mwisho alichukua tupa akaifuta namba iliyogongwa kwenye fremu, maana ilikuwa inang'aa mno. Alipomaliza, machozi yalimlengalenga. Nusura ainunue mwenyewe. Hata msimulizi wenu, ambaye toroli tu humshinda kuliongoza, angeinunua.

Aliipeleka kwenye ua wa fundi wa matairi, akakaa kusubiri. Siri ya Wakili haikuwa kusema uongo. Alimwachia mteja auseme, yeye kazi yake ikawa kuukubali.

Akaja mkunga mstaafu, mkoba kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii ya mwaka gani?"

"Mama, hii haina mwaka, ina enzi. Mzee wako hakuwa na kama hii?"

Mkunga akaigusa taa. "Baba yangu. Ya kijani hivihivi. Ila ya kwake tangi lilibonyea upande wa kushoto, aligonga nguzo. Na chini ya kiti alichora jogoo kwa msumari, maana alikuwa mtu wa kuamka alfajiri."

"Kutu imefunika mengi, mama. Niachie niisafishe. Njoo kesho."

Mama alipopinda kona tu, Wakili akashika nyundo. Kubonyeza tangi ilikuwa kazi ya pigo moja. Jogoo ndiye aliyemtesa: alianza akatoka bata, ikabidi amwongezee kishungi.

Kesho yake mkunga alirudi na mwanawe, jibaba la buti nyeusi, suruali yenye mstari mwekundu na shati la vifungo vya shaba.

"Karibu, afande," Wakili akasema, akijikaza. Fundi wa matairi na wateja wake wakasogea kutazama.

Mkunga alipapasa tangi, akainua kiti, akamwona jogoo. "Una hakika ndiyo yenyewe? Sema, na hawa wasikie."

"Naapa, mama! Ni ya marehemu baba yako. Nguzo ni ileile, jogoo ni yuleyule. Atakayekuambia siyo, mlete kwangu."

Mama akafuta jicho. "Mungu mkubwa. Pikipiki hii baba aliibiwa nje ya zahanati, siku mdogo wangu anazaliwa. Wewe umeipataje?"

Wakili akaanza kupangusa taa kwa kiganja. Jibaba likainama kwenye fremu.

"Namba imefutwa kwa tupa," likasema.

"Aaah!" ua mzima ukaguna.

Akisema ni ya marehemu, yeye ni mwizi. Akisema ni mpya, yeye ni tapeli, na namba ambayo ingemtetea aliifuta kwa mkono wake. Maishani mwake hakuwahi kukosa mlango wa tatu. Aliutafuta, akaona pikapu ya shemeji tu. Nimejitapeli, aliwaza, tena bila msaidizi.

"Chukua, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilikuwa naitunza tu."

Mkunga akapanda. Kidole gumba chake kilikwenda moja kwa moja chini ya kile kipande cha ngozi, kikabonyeza. Pikipiki ikaitika. Mama akamwinamia sikioni.

"Miezi yote hii nashinda dukani, nachagua kati ya nyeusi na ya kijani. Umenirahisishia. Marehemu baba alikuwa anaogopa hata baiskeli."

"Na afande?"

"Afande gani? Huyu anapiga tarumbeta kwenye bendi. Panda, mwanangu," akamwambia mpiga tarumbeta.

Wakili alitaka kupiga kelele za mwizi, lakini watu wote pale walikuwa wameshakubaliana mwizi ni nani.

Ijumaa shemeji aliingia na aproni yake. "Pikapu yangu iko wapi?"

Uongo wote aliokuwa ameuandaa aliuweka kando. Alichoka. Akasimulia kila kitu, tangu chai ya bure hadi tarumbeta, bila kuongeza chumvi. Shemeji alikaa kwenye kigoda, akacheka mpaka akashika mbavu. "Jogoo!" alirudia. "Eti kishungi!"

Kisha akajifuta uso kwa aproni, na kicheko kikaisha.

"Nzuri sana hiyo, shemeji. Sasa niambie ukweli."