Siku Shemeji Alipoitakasa Bahari

Ndugu msomaji, simama wima, vua kofia: bahari zote za dunia zimepata mkombozi, naye ni shemeji yangu, mume wa dada, fundi wa pampu kwenye karakana ya meli!

Shida yenyewe ni hii. Meli isiyo na shehena hujaza maji tumboni ili isiyumbe kama mlevi, kisha huyamwaga bandari nyingine pamoja na vijidudu, vitoto vya kaa na mbegu za magugu. Wageni wasio na pasipoti, wakifika wanakula wenyeji. Lazima maji yatibiwe kwanza. Bosi alitaka kujua ipi bora, taa ya miale mikali au klorini, na atakayemletea jibu Ijumaa ndiye angekuwa msimamizi wa karakana.

Shemeji alijiona keshateuliwa. Akaanza kuitikia salamu kwa kidevu.

Mpinzani wake alikuwa mama wa maabara, mtu wa maneno machache, ambaye sisi wafanyakazi wenzake tulimwita Mama Hadubini. Alimshauri achuje maji kwanza, maana mwanga haupenyi matope. Shemeji alicheka hadi akakohoa. Kuchuja, alisema, ni mambo ya chai.

Akajaza mapipa mawili maji ya gatini, mazito kama uji. Pipa la kwanza alilipiga taa asubuhi nzima, miwani myeusi usoni, mikono kiunoni, utadhani ndiye aliyeumba jua na sasa analikagua. Mama Hadubini akachukua tone, akalichungulia. Vijidudu vilikuwa vinacheza ngoma! Matope yalivifunika kama blanketi.

"Fundi," alisema Mama Hadubini, "hawa umewapa jua la kuota tu."

Shemeji hakutikisika. Mchana huohuo akahamia klorini kwenye pipa la pili, na palipotosha kifuniko kimoja, yeye alitia jagi. Safari hii hadubini ilionyesha makaburi matupu. Shemeji akajipigia saluti, akaipokea mwenyewe. Mama Hadubini akamkumbusha kwamba klorini huzimwa kwa dawa nyingine kabla ya kumwaga maji, la sivyo utaua na wenyeji. Akaambiwa aache wivu.

Ijumaa shemeji akaingia ofisini kwa bosi na ndoo ya maji yake, sisi nyuma. Kwenye kona palikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake samaki wa bosi, mzee wa miaka tisa, aliyekula chumvi kuliko sisi sote. Kila asubuhi bosi humsalimu yeye kwanza, ndipo wafanyakazi.

"Maji haya, bosi, hata samaki mchanga anaogea," alisema shemeji, na kabla mtu hajanyoosha mkono akamimina ndoo nzima.

Samaki alizunguka mara mbili, akatutazama kwa masikitiko, akageuza tumbo juu.

Bosi hakupandisha sauti. Alimuuliza Mama Hadubini yeye angefanyaje. Kwa matope ya hapa, akajibu, angechuja, atie klorini kwa kipimo, kisha aizime ndipo amwage. Akapewa usimamizi papo hapo. Shemeji akapangiwa kukwangua tope ndani ya matangi ya meli, kuanzia Jumatatu.

Nilimsindikiza nyumbani. Dada alikuwa sebuleni na kitambaa cha mapazia mapajani, futi shingoni, uso unang'aa.

"Haya, baba, dirisha la ofisi mpya lina upana gani?"

Shemeji alivua kiatu kimoja, akakitazama.

"Tangi halina dirisha."