Jinsi Nilivyoificha Miguu ya Meki

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Nina furaha! Wiki ya tatu ya ndoa. Tumainieli aliamka kabla yangu, akanibandikia maji ya kuoga, kisha akaenda kuranda mbao. Nyusi zake zimejaa vumbi la mbao. Sijapata kuona nyusi nzuri kama zile, Same nzima.

Tumepanda huku Mbaga kwa mama mkwe tangu Ijumaa. Jumapili kuna ubatizo. Anayebatizwa ni Melkizedeki, mtoto wa wifi yangu Evaline, miezi kumi na mitatu, mashavu kama maandazi. Sisi tunamwita Meki. Evaline ni muuguzi huko tambarare, kwenye zahanati ya shamba la mkonge. Siku za kazi mtoto anakaa kwa bibi yake, mwisho wa wiki mama anapanda. Tumainieli anatengeneza mabenchi ya wageni. Mama anachambua mahindi na maharage ya makande. Mimi nimekabidhiwa mtoto. Cheo kikubwa! Hasa kwa kuwa Evaline, tangu siku ya harusi, bado ananiita mgeni wetu. Mpeni mgeni wetu kiti. Mgeni wetu asiguse masufuria. Mimi nataka kuitwa wifi. Hilo tu.

Sasa jambo lenyewe. Asubuhi, uani. Meki alikuwa ameshika ndoo. Jogoo akapita. Meki akaachia ndoo, akamfuata. Kwa miguu yake! Nilipiga nusu ya kigelegele. Nusu ya pili nikaimeza.

Nilikumbuka habari ya Victoria. Huyu ni binti mkubwa wa Evaline. Alianza kutembea mama yake akiwa kazini, na jirani yetu Dorkas akampigia mama mtu simu kumpongeza. Evaline alilia siku mbili. Tumainieli anasema hata Krismasi iliyopita alilia tena kidogo, katikati ya pilau.

Nimeamua. Hakuna atakayejua. Hata Tumainieli! Meki ataanza kutembea Jumamosi, mbele ya mama yake, kuelekea mikononi mwa mama yake. Mimi nitasimama pembeni nikishangaa kuliko wote. Nimefanya mazoezi ya kushangaa kwenye kioo. Napendeza.

Jumanne, 6 Agosti

Njia nimeipata: mbeleko. Mtoto aliye mgongoni hatembei. Rahisi! Nimepika naye, nimefua naye, nimechota maji naye. Ni mzito kama kiroba cha tangawizi mbichi. Haidhuru. Upendo una uzito wake.

Alasiri akaja Dorkas. Dorkas ndiye kiongozi wa kundi la WhatsApp la ukoo, ingawa si wa ukoo. Simu haimtoki mkononi. Alileta zawadi ya ubatizo mapema: viatu vinavyolia. Kila hatua, kwii! Akataka mtoto avae papo hapo tuone kama vinamtosha. Nikasema mtoto ana usingizi. Wakati huo Meki alikuwa anachungulia juu ya bega langu, anacheka, macho makavu kabisa. Dorkas akasema loo, bibi harusi, usingizi wa siku hizi una meno. Nikamjibu kwamba huo ni usingizi wa ndani.

Alipoondoka nikavisindilia viatu pamba. Sasa havilii. Vinakohoa.

Jumatano, 7 Agosti

Mgongo wangu! Nimeamka nimepinda kama ndoano. Tumainieli akanikanda kwa maji ya moto huku akiimba sauti ya nne ya kwaya. Nikasahau maumivu yote. Mume gani huyu! Nilikaribia kumwambia. Mke na mume wasifichane. Lakini hii si siri. Hii ni zawadi ambayo haijafunguliwa.

Pigo. Dorkas ameandika kwenye kundi kwamba bibi harusi hambandui mtoto, kila saa anakaa chini, kila saa anashika kiuno, basi wapendwa tumwombee, Bwana ametenda haraka. Wiki ya tatu! Watu wamejaza mikono ya kupiga makofi mpaka simu ikawa moto. Binamu wa Mwanga amekwisha pendekeza majina.

Mama akaniletea uji wa ulezi, bakuli kubwa, akasimama mpaka nimalize. Nikasema Mama, siyo hivyo. Akasema kunywa, mwanangu, hata yeye kila mara alisema siyo hivyo. Tumainieli akatupa randa, akaja mbio, machozi yanamlenga. Nikamwambia bado, mpenzi wangu. Akasema bado ni neno zuri. Nampenda!

Kisha akauliza kwa nini basi simweki mtoto chini. Nikasema kuna baridi. Akavua sweta lake, akamvalisha Meki. Sasa Meki ni mzito zaidi.

Alhamisi, 8 Agosti

Sikukuu ya Nane Nane. Wazee wa kanisa walikuja kuyajaribu mabenchi, maana yake kuyakalia na kunywa chai. Dorkas naye hakukosa. Nikamweka Meki chini nimimine chai, kidogo tu. Kosa! Nilipogeuka amesimama katikati ya sebule, ameachia kila kitu, mguu mmoja uko hewani. Na Dorkas ndiyo kwanza anainua simu.

Sikufikiri. Nikapaza sauti: "Tuombe!"

Huku kwetu ukisema tuombe, watu wanaomba. Vichwa vyote chini. Macho yote yamefumbwa, hata ya Dorkas. Nikaanza kuwashukuru wakulima wa Tanzania mbele za Mungu huku nazunguka meza kwa kunyata. Nikaombea mahindi. Nikaombea kahawa na tangawizi. Nilimfikia Meki kwenye maharage, nikamaliza kumfunga mgongoni kwenye mvua za vuli. Amina!

Mzee mmoja akasema hajapata kusikia msichana akiiombea tangawizi kwa jina. Wamenipangia kuongoza maombi ya akina mama mwezi ujao. Mama alijivuna mpaka akaongeza sukari kwenye chai ya kila mtu. Dorkas akauliza imekuwaje nianze maombi mlangoni na kumalizia dirishani. Nikasema niliguswa.

Ijumaa, 9 Agosti

Kimya. Mbeleko kutwa. Leo Meki ameanza kuipenda kweli. Nikiichukua tu kwenye kamba anapiga makofi. Dalili njema! Mtoto ametulia, hana haja ya kutembea. Mpango unakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi, 10 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Evaline alifika jioni na Victoria, kwa bodaboda, vumbi la njia nzima usoni. Kila kitu nilikuwa nimekiandaa. Mkeka hapa. Evaline akae pale. Mimi nimsimamishe Meki huku. Nikasema, kana kwamba wazo limenijia hivi hivi, hebu mwite tuone.

Evaline akanyoosha mikono. Meki akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Akakaa chini pwaa! Akaninyooshea mimi mikono, akalia. Anataka mgongo. Nimembeba mpaka amesahau kwamba ana miguu!

Evaline akamchukua. Meki akapinda mgongo, akajirusha kuja kwangu. Evaline hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza taratibu: "Mgeni wetu, umemfanya nini mwanangu?" Kisha akaingia chumbani, na kutoka kule nikasikia mtu akipenga kamasi.

Nami nimelia, nyuma ya banda la ng'ombe. Ng'ombe ana macho ya huruma. Lakini sikati tamaa! Kesho ipo.

Jumapili, 11 Agosti

Siku ndefu. Niipange.

Kanisani. Meki ndani ya nguo nyeupe, mzuri kama tangazo la sabuni. Evaline kambeba mbele ya birika la ubatizo. Kando yake shemeji Nicolaus, baba wa mtoto, dereva wa lori aliyefika alfajiri, suti juu ya uchovu. Mchungaji akachota maji. Meki akageuka mikononi mwa mama yake, akanitafuta, akaniona benchi la tatu, akanyoosha mikono yote miwili na kulia kwa sauti ya besi. Mchungaji akauliza kwa utani, mama wa mtoto ni huyu au yule wa kitenge cha njano? Kanisa zima likacheka. Evaline alicheka kwa meno tu. Kwaya ikaanza wimbo kabla ya wakati wake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha, katikati ya matangazo, nikaelewa! Meki hanitaki mimi. Anataka mgongo. Basi mgongo uwe chambo!

Nyumbani, baada ya keki. Wageni wamejaa uani. Meki kakaa chini, mama yake amesimama karibu naye. Nikaenda mbali kidogo, nikawapa mgongo, nikachuchumaa na mbeleko begani. Nikaita, Meki, twende! Hesabu zangu: atainuka, ataanza kutembea, Evaline atamwona, furaha.

Akainuka. Akatembea! Kohoo, kohoo, kohoo, vile viatu. Vigelegele! Nikageuza kichwa kuangalia. Nikauona uso wa Evaline.

Hilo sikulipiga hesabu. Mtoto wake anatembea, ndiyo. Lakini anatembea akimwacha yeye. Ananifuata mimi, mgeni.

Niliinuka na kukimbia. Nikampita Meki, nikamtupia Evaline mbeleko mabegani, nikamgeuza kama mtu anayegeuza godoro, nikamkandamiza chini. "Chuchumaa, wifi! Mpe mgongo!" Nimemwita wifi bila ruhusa. Akachuchumaa. Mpaka sasa sijui kwa nini alinitii.

Meki akabaki katikati ya uwanja peke yake. Mgongo aliokuwa anaufuata haupo. Akayumba. Kisha akageuka taratibu, akauona mwingine. Kohoo. Kohoo. Akatembea mpaka akaangukia mgongo wa mama yake, akamkumbatia shingo, akaweka shavu.

Mayowe! Tumainieli alinibeba juu juu mbele ya wazee wa kanisa! Nikiwa huko juu ndipo nilipong'amua. Uwanja mzima umemwona Meki akimwendea mama yake. Mpishi ameona, mbuzi ameona. Mtu mmoja tu hakuona, kwa sababu alikuwa ametazama upande wa pili. Na aliyemgeuza ni mimi.

Evaline alibaki amechuchumaa. Akauliza bila kugeuka, amekuja mwenyewe? Tukasema ndiyo. Hakuna aliyemsukuma? Hakuna. Mabega yakaanza kutikisika, na Meki anatikisika juu yake, na hatukujua analia au anacheka mpaka Nicolaus aliposogea kumsaidia. Akamwambia usimwondoe, baba Victoria, mwache kwanza, mwache hapo hapo. Alikaa vile mpaka miguu ikafa ganzi. Ikabidi wainuliwe wote wawili pamoja.

Na Dorkas alikuwa amerekodi! Yote! Nilimbusu Dorkas! Evaline alitazama video ile mpaka simu ikaisha chaji. Kisha akaniangalia, macho mekundu, akasema: "Wifi, chai ipo?"

Wifi! Nilipeleka birika zima. Nilipeleka na themosi.

Tukiosha vyombo Mama akaniambia, bila kuniangalia, kwamba dirisha la jikoni linatazama uani. Alimwona Meki na jogoo tangu Jumatatu. Nikauliza mbona hukusema, Mama? Akasema habari ya Victoria ni yeye aliyempa Dorkas, na tangu siku ile ulimi wake amekuwa anaushikilia kwa mikono miwili. Kisha akanipa uji. Sikubisha.

Nimemsimulia Tumainieli kila kitu. Alicheka mpaka benchi likavunjika. Nampenda hivyo hivyo.

Jumatatu, 12 Agosti

Jua limetoka! Evaline ameshuka asubuhi kurudi kazini. Mama alipouliza mtoto abaki na nani, akasema abaki na wifi. Mbele ya watu! Tumeongeza wiki moja zaidi, Tumainieli atengeneze benchi upya.

Nimetafakari sana. Yote yale yalikuwa ya nini? Mgongo umeniuma, mtoto amelia kanisani, wifi amelia chumbani. Kumbe ningempigia simu tu siku ile ile, nikamwambia kwa upole, tukalia pamoja, yakaisha. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kusema mambo wazi. Nimeandika hapa ili nisisahau.

Baadaye, saa tano. Meki amemtazama mbuzi, akafungua mdomo, akasema wazi kabisa: "Mama."

Neno lake la kwanza! Evaline hajalisikia! Nimetazama kushoto, nimetazama kulia. Dirisha la jikoni limefungwa. Dorkas yuko gulioni. Jumamosi si mbali.

Njia yenyewe ni rahisi. Mtoto mwenye chakula mdomoni hasemi. Nimemwagiza Tumainieli mkungu wa ndizi mbivu. Ameuliza wa ukubwa gani. Nimemwambia mkubwa, mpenzi wangu, na usiniulize kitu.