Usaili wa Baleti Nyuma ya Pazia

(Ukumbi wa harusi, mtaa wa Ruwi, Maskati, Jumamosi asubuhi. Wanaume wamekaa upande wa jukwaa. Wanawake, pamoja na wasichana kumi na wawili waliomaliza kufanyiwa usaili sasa hivi, wako upande wa pili wa pazia zito la kijani. Mwenyekiti anakohoa mara tatu kwenye kipaza sauti.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Waheshimiwa mashekhe, waheshimiwa mabwana wakubwa, waheshimiwa mabwana wa kiasi, wajumbe saba wa Kamati Kuu, ambayo mimi ni mjumbe wake wa saba lakini pia wa kwanza, wakuu wa kamati ndogo tisa, makatibu na makatibu wasaidizi, bwana mwenye ukumbi, wazee wetu mliozaliwa Unguja, wazee wetu mliozaliwa Pemba, wazee wetu mnaosema mmezaliwa Maskati lakini mkikasirika, kwa lafudhi tunakujueni, mabibi watukufu mlio nyuma ya pazia, ambao sikuoneni lakini nnakuhisini kwa harufu ya udi, na nyinyi wasichana wetu, lulu zetu, rasilimali watu yetu: mimi, Thani bin Muatasim, Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Maandalizi ya Awali ya Chuo cha Ufundi cha Ngoma ya Baleti, nna furaha isiyo kifani kusimama mbele yenu, kwa kadiri pazia linavyoruhusu. (Makofi upande wa wanaume. Upande wa wanawake mtu anapiga chafya.)

Yarhamukallah. Mabibi na mabwana, watu wengi wameniuliza, Thani, baleti ni nini? Na mimi, kwa unyenyekevu ambao ndio sifa yangu kubwa kuliko sifa zangu nyingine zote kubwa, hujibu kwamba baleti ni sekta. Ni sekta yenye vishen, mishen na rodimapu, yenye stekihoda wa ndani na wa nje, na ndiyo maana Kamati yangu, kabla ya kumwambia mtoto yeyote anyanyue mguu, ilifanya fizibiliti stadi ya siku ishirini na moja huko Ulaya, tukaenda wajumbe wote saba, tukarudi wote saba, na matokeo ya utafiti wetu, yenye kurasa mia mbili na nne, yamethibitisha bila shaka yoyote kwamba baleti huchezwa juu ya sakafu. (Makofi. Mjumbe mmoja anaamka, anapiga makofi, analala tena.)

(Kikaratasi kinapitishwa chini ya pazia. Katibu Khalil anakiokota, anakisoma, anampelekea Mwenyekiti.)

Nimeletewa swali. Linatoka kwa binti yetu Mazoon, miaka kumi na saba. Anasema skuli moja ya baleti ya Misri imempa nafasi, na wanataka jawabu leo kabla ya adhuhuri, wasipolipata watampa mwengine. Anauliza, nnasoma kama lilivyo: "Ami Thani, chuo kipo au hakipo?" Ahsante sana, binti yangu. Swali limepokelewa, limepewa nambari, na litajibiwa kwa mujibu wa taratibu. Sasa nikirudi kwenye sakafu...

(Sauti ya kikongwe nyuma ya pazia: "Weye Thani! Usirudi kwenye sakafu, mjibu mjukuu wangu!")

Hiyo ni sauti ya mama yetu Bi Masouda, na sauti ya mzee ni baraka.

("Baraka nlikupa mwaka jana ulipokuja kwangu! Ukakaa kitako, ukala halua sahani mbili, ukasema, 'Bi Masouda, msimpeleke mtoto ugenini, chuo kinafunguliwa hapa hapa mlangoni.' Tukawarejeshea Misri nafasi yao. Mwaka huu wamemwita tena, na mwakani umri wake utakuwa umepita. Kipo au hakipo?")

Bi Masouda, mamangu, halua ile nnaikumbuka, ilikuwa na zafarani. Na jawabu liko ndani ya hotuba hii, mtu akisikiliza kwa makini hatolikosa. Tuendelee na takwimu. Katika mwaka mmoja Kamati imekaa vikao arubaini na sita, imeunda kamati ndogo tisa, ikiwemo Kamati Ndogo ya Vioo, Kamati Ndogo ya Vidole vya Miguu, na Kamati Ndogo ya Kupunguza Kamati Ndogo, na utekelezaji wetu umefikia asilimia mia na kumi na nne, jambo lililotushangaza hata sisi wenyewe. (Makofi.) Wanafunzi mia tatu wamekwishaingizwa kwenye mpango. Jengo la ghorofa nne mmeliona kwa macho yenu kwenye kadi ya mwaliko, na lina mlango.

Sasa nizungumzie usaili wa leo, ambao naweza kusema, bila kujisifu, kwamba dunia haijapata kuuona, na sisi pia hatukuuona. Maana tulikabiliwa na changamoto ya kimuundo. Wasichana wetu wana staha zao, hawachezi mbele ya wanaume, na hilo hatujadiliani nalo, tumelelewa nalo sote. Na Kamati, mabibi na mabwana, ni wanaume watupu. Pendekezo la kuingiza mwanamke tulilijadili kwenye vikao vinne tukalikubali kimsingi, isipokuwa haikupatikana njia ya kumwalika kikaoni, kwa sababu kikao chenyewe kina wanaume. (Vicheko nyuma ya pazia.) Ndipo mimi, alfajiri moja nyumbani kwangu Qurum, nikapata wazo ambalo watu wa Ulaya nzima halijawajia: usaili kwa njia ya masikio! Wasichana wacheze upande ule, wajumbe wakae upande huu, wasikilize miguu, watoe alama. Staha imehifadhiwa, na weledi umehifadhiwa. (Makofi marefu upande wa wanaume.)

Nna matokeo mkononi. Mtahiniwa nambari nne, alama sitini, tulimsikia vizuri. Nambari tisa, alama sabini na moja, tulimsikia hata akianguka. Nambari tano, Mazoon... hapa Kamati imeandika "Hakuhudhuria."

(Minong'ono mikubwa. Sauti ya mwanamke kijana: "Chairman, pole, mimi ni Phyllis, mwalimu wao. Mazoon amedance dakika tatu nzima hapa mbele yangu! Sisi hufanya mazoezi kwa flat yangu kule Hamriya, tukishikilia migongo ya viti, na miaka mitatu nimewafundisha kitu moja: ukiruka, ukishuka, usisikike. Hiyo ndiyo baleti yenyewe. Huyu msichana ndiye mzuri kuliko wote, ndiyo maana hamkumsikia!")

Mwalimu Phyllis, kwa heshima zote unazostahiki wewe na Kenya yako tukufu, kazi isiyosikika haiandikiwi ripoti. Wajumbe saba, masikio kumi na manne, hayakusikia kitu. Tulidhani watu wamekwenda kunywa kahawa. Hata hivyo tusivunjike moyo, kwa sababu mshindi wetu amepatikana, na mshindi huyu, wallahi, amewatoa machozi wajumbe wawili. Mtahiniwa nambari kumi na tatu, ambaye jina lake halikuorodheshwa, amepata alama tisini na nane! Huyu alianza taratibu kutoka kona ya kulia, akavuka ukumbi mzima kwa mdundo wa miguu mitatu, to-to-tap, to-to-tap, ufundi ambao hata kwenye ripoti yetu ya kurasa mia mbili na nne haumo, akapotea kidogo, kisha akarudi kwa mdundo ule ule, bila kukosea hata hatua moja. Mshindi huyo na ajitambulishe!

("Ni mimi na mkongojo wangu!" anasema Bi Masouda. "Nlikuwa nnakwenda msalani!" Vicheko vinatikisa pazia. Upande wa wanaume baadhi wanajikaza, wengine wanashindwa. Katibu Khalil anajificha nyuma ya faili.)

Kamati... Kamati inampongeza Bi Masouda, na inatambua mchango wa wazee katika sekta. Umri si kikwazo, na hili ni jawabu tosha kwa wanaosema mwakani mtu atakuwa amepita umri.

("Ami Thani." Sauti ndogo, wazi, ya Mazoon. "Zimebaki dakika kumi na mbili. Nakuomba unambie tu. Kama kipo, nitabaki, sitaki kumwacha bibi peke yake. Kama hakipo, nambie nende.")

Mazoon, binti yangu, wewe nnakupenda kama mwanangu, na ndiyo maana sikujibu kwa pupa. Mambo makubwa hayajibiwi kwa ndiyo na hapana, hiyo ni tabia ya watu wasio na kamati. Muda umetutupa mkono, bwana mwenye ukumbi ananionesha saa, kwa hiyo nimalizie kwa kaulimbiu zetu, mniitikie kwa nguvu. Baleti kwa maendeleo! (Mbele!) Mguu mmoja chini! (Mwengine juu!) Kamati imara! (Mtoto mmoja tu: "Mbele!")

Na mwisho kabisa, kwa kuwa mimi ni mtu nisiyesahau fadhila, na marehemu mama alinifunza kwamba asiyeshukuru kidogo hashukuru kingi, naomba kushukuru kila aliyechangia, mmoja mmoja, bila kumficha mtu. Namshukuru bwana mwenye ukumbi, aliyetuazima mahali hapa mpaka adhuhuri, kwa vile Chuo chetu bado hakina chumba. Namshukuru mpwa wangu Wael, kijana hodari wa kompyuta, aliyetengeneza ile picha ya jengo la ghorofa nne, maana kiwanja nacho bado hatujakiomba, tunasubiri kwanza kamati ya kuandika barua ya kuombea. Nakushukuruni nyinyi mliokaa, kwa sababu ile idadi ya wanafunzi mia tatu tuliipata kwa kuhesabu viti vyenu. Namshukuru fundi wa Hamriya aliyetuchorea kibao kizuri cha Chuo, ambacho kwa sasa, nnasema kwa fahari, ndicho Chuo chenyewe, na kiko salama kwangu Qurum, nyuma ya friji. Na zaidi ya wote nawashukuru walimu wa Chuo, ambao siku watakapokuwepo...

(Mwenyekiti anasita. Anamtazama Khalil. Khalil anatazama viatu vyake.)

("Umesikia, Mazoon?" anasema Bi Masouda, na sauti yake safari hii ni ya chini, imelainika. "Nimesikia, bibi. Nshawatumia jawabu. Nnakwenda." "Nenda, mama. Nami ntakuja kukuangalia ukicheza, kwa macho yangu." Kisha vigelegele, kimoja, vitatu, vya upande wote wa wanawake, vya mwalimu Phyllis zaidi ya wote. Viti vinasogezwa. Watu wanatoka.)

Ahsanteni! Ahsanteni sana, jamani, vigelegele hivi vimenigusa, nitavifikisha kwenye Kamati kama vilivyo. Khalil, kaa kitako, andika kwenye ripoti ya mwaka, herufi kubwa, ukurasa wa mwanzo: Chuo chetu, kabla hata ya kuwepo, kimekwishatoa mhitimu mmoja, naye amepelekwa nje kwa masomo ya juu.