Mimi Nahesabu, Wao Wananyoosha

Jumatatu, 1 Hidar

Mshtuko wa mwaka! Meneja wetu, Ato Lakew, ametangaza kwamba kiwanda chote cha mashuka, watu thelathini na wawili, kitakimbia mbio za kilomita kumi za maofisi, Jumapili ya tarehe 14. Sisi! Hata kengele ya chakula tunaiendea kwa mwendo wa maharusi.

Sijapumua bado, akaongeza la pili. Kazi ya msimamizi wa ghala, iliyo wazi tangu Pasaka, atapewa atakayeonyesha uongozi katika mbio hizo. Ghala lile nimelitamani miaka tisa. Lina kiti cha kuzunguka. Lina dirisha.

Akauliza nani anajua habari za kukimbia. Mara nikasikia mtu akisema kwamba yeye amekulia mkoa wa Arsi, kwenye mabingwa wa mbio, na utotoni alikimbia nao. Nikageuka nimwone mwongo huyo. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Mimi! Niliyezaliwa nyuma ya soko la Merkato, hapa hapa jijini! Mbio nilizowahi kukimbia ni za kumfukuza mbuzi wa sikukuu, na mbuzi alishinda.

Jumanne, 2 Hidar

Uwanja wa Jan Meda, saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ya kukata masikio. Nimevaa traksuti mbili, moja juu ya nyingine, kama nilivyoona wakimbiaji wa kweli wanavaa.

Nimetazama vikundi vingine na nimepigwa na butwaa. Kumbe wakati wa kupasha mwili moto watu hupanga mstari mmoja. Wa mbele anajipindapinda katikati ya mikaratusi, wa nyuma wanakanyaga alipokanyaga, na hakuna anayempita. Kumpita ni utovu wa adabu! Hata akienda kama kinyonga, watamfuata hivyo hivyo.

Basi nikashika mbele. Nikaenda kama mtu anayetafuta ufunguo majanini. Watu thelathini na mmoja nyuma yangu, kimya, wakizunguka kila mti niliouzunguka.

Ikaja zamu ya kunyoosha misuli. Hapo nikajipa kazi ya kuhesabu. Wao wanainama, mimi napita katikati yao, mikono mgongoni. Moja, mbili, tatu, Weizero Yeshi mama wa jikoni, usikunje goti, nne. Nikahesabu mpaka saa ya kazi ikafika. Hakuna aliyekimbia! Nimerudi nyumbani sina hata tone la jasho. Mke wangu Aberash kaninusa shati na kuuliza nilikuwa wapi.

Ijumaa, 5 Hidar

Wananisifu! Sielewi. Weizero Yeshi wa jikoni kaniambia mbele ya watu kwamba zamani akipanda ngazi anapumzika mara mbili, na leo kapanda na sufuria ya mchuzi wa shiro mkononi bila kusimama. Amenibusu mashavu yote mawili, halafu la kwanza tena.

Meneja naye kasema maofisi mengine yaliwaanzisha wageni wa mbio kwa kasi, na sasa nusu yao wanachechemea. Kwetu hakuna hata mmoja. Siku hizi, tukishapasha, wenzangu wanaomba wakimbie kidogo. Nawaruhusu. Mimi nabaki kulinda makoti.

Uvivu wangu ni elimu! Nimekaa muda mrefu nikiwaza nitaweka wapi kalenda ghalani.

Kisha doa. Gudeta, yule mtia rangi mashuka asiyesema neno, kanijia taratibu na kuuliza natoka Arsi ya wapi, maana na yeye ni wa huko. Lo! Nikasema ya milimani. Akasema Arsi yote ni milima, Gashe, kama tunavyowaita wakubwa kwa heshima. Nikakohoa mpaka akaniletea maji.

Jumatatu, 8 Hidar

Aibu! Gudeta kaniuliza mbele ya wote, kwa adabu iliyonikera kuliko matusi, kwa nini mimi siinami na wenzangu. Nikamjibu kwamba mwili wa mtu wa Arsi haupoi. Akasema wake ni wa Arsi na unapoa kila usiku.

Walicheka! Weizero Yeshi akapaza sauti kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na meneja akacheka kuliko wote. Halafu, Mungu wangu, akamwomba Gudeta aonyeshe namna ya kunyoosha shavu la mguu. Viganja kwenye mti, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, usirukeruke, tulia na upumue. Wote wakafanya. Hata mimi niliombwa. Nikasema nahesabu.

Nilimwona meneja anavyomtazama. Ndivyo anavyotazama mashine mpya. Kiti changu hicho, kinazunguka kuelekea kwa Gudeta.

Ijumaa, 12 Hidar

Leo ni siku ya kila mwaka ya kuchoma taka. Jiji zima limefunikwa na moshi, kila nyumba na jalala lake mlangoni. Nikajitolea kuchoma za kiwandani. Watu walishtuka kwa bidii yangu.

Mpango ulikuwa huu. Gudeta ana raba za bluu, na wote tukitoka Jan Meda tunaanika raba ukutani. Bila raba, Jumapili hakimbii. Nikazitoa ukutani, nikazitia guniani chini ya vipande vya pamba, nikawasha. Zilinuka vibaya. Nilisimama upande unakotoka upepo nikijisikia mwepesi.

Jioni Gudeta anatoka kazini. Miguuni ana raba za bluu!

Nyuma yake meneja, soksi tupu, anauliza kama kuna aliyeona raba zake. Alizipenda za Gudeta, akanunua kama zile zile juzi. Kumbe nilizochoma ni za meneja!

Na Gudeta kafanya nini? Kavua zake papo hapo. Akasema, “Vaa hizi, Gashe. Mimi nimezoea peku tangu utoto.” Zikamtosha! Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, ningefanyaje?

Jumapili, 14 Hidar

Naandika nimelala, mguu juu ya mito mitatu.

Asubuhi meneja alisema kwamba leo ni kama siku zote, Gashe Fikre mbele, sisi nyuma, tufike pamoja. Niliwapasha nusu saa nzima. Nikahesabu mpaka sauti ikakauka. Wao walikuwa laini kama mkate wa injera. Mimi nilikuwa nimesimama tu kwenye baridi.

Bastola ikalia. Watu maelfu wakasukuma. Ilibidi nikimbie! Hatua ya arobaini nikasikia shuka linachanwa. Lilikuwa shavu la mguu wangu. Nilipiga yowe, nikaanza kuruka kwa mguu mmoja.

Na hawakunipita! Hakuna hata mmoja! Watu thelathini na mmoja wenye misuli ya moto walikuja nyuma yangu kwa mstari, hatua kwa hatua. Maumivu yakinivuta kushoto, wote kushoto. Yakinivuta kulia, wote kulia. Vikongwe wakatupita. Mtoto aliyebebwa mabegani akamuuliza baba yake kama sisi ni mazishi. Weizero Yeshi akauliza kwa upole, “Gashe, tunapasha mpaka lini?” Nikasema tunaweka akiba ya nguvu.

Kabla ya kilomita ya kwanza kwisha nikakaa chini. Wakasimama nyuma yangu, kwa mstari!

Ndipo Gudeta, peku, akainama sikioni kwangu. “Kwa ruhusa yako, Gashe, nipite?” Hakuwa na kejeli. Ningetamani awe nayo. Nikaitikia kwa kichwa. Akaondoka, na wote wakaondoka naye, na kufumba na kufumbua sikuwaona tena. Nasikia walimaliza pamoja wakiimba.

Jumapili, 21 Hidar

Ghala ni la Gudeta. Amekalia kiti tangu Jumatatu. Nililia kidogo, sitaki kuficha.

Aberash ananiambia kila akileta dengu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu wa kupasha nilikuwa mimi! Ningemsikia nani?

Leo Gudeta kaja na machungwa. Sikumwambia habari za raba. Akasema mguu sasa umepumzika vya kutosha, nianze kunyoosha polepole, viganja ukutani, kisigino chini, mara tatu kwa siku, bila kukosa. Akanionyesha tena na tena, na alipoondoka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mtu mwema kiasi cha kutisha.

Ni nusu saa sasa tangu tuanze. Aberash yuko ukutani, kisigino chini, goti limenyooka. Mimi nahesabu hapa kitandani. Nimefika mia nne, na mguu wangu bado unauma vile vile! Nina hakika hanyooshi sawasawa.